Vichwa vya tripodi na pleti za kufungia kamera: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mombasa

Ukurasa huu unahusu sehemu ya juu ya tripodi: kichwa, pleti (kibamba kinachofungwa chini ya kamera), klampu (taya za kichwa zinazoibana pleti) na ile skrubu moja inayoishika kamera. Miguu tumeigusia pale tu inapolazimu. Tunawaandikia wanaopiga harusi, nyumba za kupangisha wageni, Mji wa Kale, ufuo na mbuga wakitokea Mombasa, mahali ambapo chumvi na mchanga huamua mengi kuliko maandishi ya kwenye boksi.

Ninunue kipi kwanza, kichwa au pleti?

Amua aina ya pleti kwanza, halafu tafuta kichwa kinachoipokea. Pleti ndiyo itakayokaa chini ya kila kamera, kila lenzi ndefu na kila gimbali (kifaa cha umeme cha kushika mkononi kinachotuliza kamera) uliyo nayo. Kichwa unaweza kukibadilisha wakati wowote bila kugusa kitu kingine. Anayenunua kichwa kwa sababu bei ilikuwa nzuri hujikuta na pleti tatu zisizoingiliana, na katikati ya shughuli anahangaika kufungua skrubu kwa sarafu ya shilingi kumi huku bibi harusi keshafika mlangoni.

Madukani utakutana zaidi na aina tatu. Ya kwanza ni Arca, iliyopewa jina la kampuni ya Arca-Swiss: kingo zake zimechongwa mshazari, upana wake ni kama milimita 38, na hubanwa na taya mbili kutoka pembeni. Ya pili ni RC2 ya Manfrotto, ile pleti ndogo inayoitwa 200PL. Unaidondosha kutoka juu na wenzo unajifunga wenyewe. Ya tatu ni 501, pia ya Manfrotto, pleti ndefu ya video inayoteleza mbele na nyuma. Vichwa vingi vya video kutoka China vimefuata vipimo vya hiyo 501.

Ushauri wetu: ukipiga picha za mnato, au mnato na video kwa pamoja, chukua Arca. Ukipiga video tu, baki na 501. RC2 ni ya haraka sana kufunga, lakini haitelezi kusawazisha uzito, na ikizeeka huanza kucheza. Kama unayo na inakufaa, itumie, ila usianze nayo leo.

Pleti yangu imeandikwa Arca lakini inacheza ndani ya klampu. Kwa nini?

Kwa sababu hakuna chombo kinachosimamia vipimo vya Arca. Kila kiwanda kimeiga kwa namna yake, na tofauti ya sehemu chache za kumi za milimita inatosha kuharibu mshiko. Hapo ndipo aina ya klampu inapokuwa na maana.

Klampu ya kukaza kwa kifundo hujifunga mpaka inapofika, kwa hiyo hupokea pleti pana na nyembamba kidogo bila shida. Klampu ya wenzo hufunga umbali uleule kila mara. Pleti ikiwa nyembamba, wenzo utafunga vizuri kabisa na kamera bado italegea. Ikiwa pana, wenzo hautafika mwisho. Baadhi ya klampu za wenzo zina skrubu ndogo ya kurekebisha, nyingine hazina. Ukichagua wenzo, nunua pleti na klampu za kampuni moja. Kwa pleti za mchanganyiko, chagua kifundo.

Kabla hujailaumu pleti, angalia mchanga. Chembe moja ya mchanga wa matumbawe kutoka Nyali ikilala kwenye kona ya ndani ya taya huinua pleti upande mmoja. Kwa macho hutaiona, lakini pitisha ukucha kwenye ile pembe na utaisikia. Wenzo utasimama kabla kidogo ya mahali pake pa kawaida. Usiusukume kwa nguvu. Fungua, pitisha mswaki mkavu ndani ya taya zote mbili na kwenye kingo za pleti, kisha funga upya.

Baada ya kufunga, aina yoyote iwayo, shika kamera na uinyanyue kidogo kwenda juu kabla ya kuachia mkono. Ni sekunde moja tu, na huwaonyesha wote waliofunga ukingo mmoja wa pleti na kuuacha wa pili ukiwa nje ya taya.

Zile skrubu ndogo mbili chini ya pleti ni za nini? Naweza kuzitoa?

Usizitoe. Zinazuia pleti isiteleze hadi nje pale klampu inapolegea. Kama zinagonga klampu yako na kuizuia kuingia, toa moja tu, ya upande unaoingizia.

Nichague kichwa cha aina gani?

Inategemea unapiga nini, na hapa tutakaa kidogo.

Kichwa cha gololi ndicho kinachowafaa wengi. Kifundo kimoja kinaachia pande zote, unaweka kamera unavyotaka, unakaza. Ni chepesi, hakina mikono inayochomoza, na kwenye vichochoro vya Mji wa Kale, ambako watu na mikokoteni hupita karibu yako, hilo ni jambo kubwa. Tafuta chenye vifundo vitatu: cha kukaza gololi, cha kuweka ukinzani, na cha kuzungusha chini. Kile cha ukinzani ndicho kinachookoa kamera: kikiwekwa sawasawa, ukifungua kifundo kikuu kamera haianguki mbele ghafla na kukubana vidole. Ukubwa wa gololi una maana kuliko urembo wa nje. Milimita 30 hutosha kamera ndogo na lenzi fupi. Kwa kamera kubwa na lenzi ya 70-200 angalia 40 na kuendelea.

Udhaifu wake ni kwamba ukitaka kurekebisha upande mmoja, pande zote zinaachia. Anayepiga milango ya nakshi analijua hili. Mlango wa Kiswahili una mistari minyoofu kila upande, na kamera ikielekezwa juu nyuzi moja tu, fremu ya mlango inakuwa pana chini na nyembamba juu. Unarekebisha kuinama, kumbe umeharibu ulalo. Unarekebisha ulalo, kamera imegeuka kushoto. Kwa kazi hiyo, na kwa vyumba vya kupangisha, kichwa cha njia tatu ni bora, kwa sababu kila mwelekeo una mkono wake na kifungo chake. Cha gia ni bora zaidi: unazungusha kifundo na kamera inasogea kidogo kidogo, halafu inabaki pale ulipoiacha. Ni kizito na ni ghali, lakini kwa anayepiga nyumba kila wiki kinarudisha muda wake.

Kichwa cha mafuta ni cha video. Ndani kina grisi nzito inayofanya mwendo uwe laini. Vingi vya bei ya chini vimeandikwa kuwa ni vya mafuta ilhali ndani ni msuguano mtupu. Jaribu dukani hivi: weka kamera, weka ukinzani wa kati, funga mpira wa pesa kwenye ncha ya mkono, kisha vuta kwa kutumia huo mpira. Kichwa kizuri huanza kusogea polepole pamoja na mpira. Kibovu hukaa, mpira unavutika, kisha kinaruka. Mruko huo ndio utakaouona kwenye kila mwanzo wa mwendo katika video yako. Fanya jaribio hilo nje juani kama mwenye duka anakubali, kwa sababu joto hulainisha grisi, na kichwa kilichokuwa kizito kwenye ubaridi wa eisii kinaweza kuwa chepesi mno ufuoni saa saba mchana.

Kichwa cha gimbali, hapa tukimaanisha kile cha chuma chenye umbo la L wala si ile gimbali ya umeme ya kushika mkononi, ni cha lenzi ndefu. Kimezungumziwa chini.

Kichwa kimeandikwa kinabeba kilo 20. Kamera yangu ni kilo 2. Mbona kinashuka?

Kwanza, kila kampuni hupima uzito huo kwa njia yake, kwa hiyo kilo 20 za huyu si kilo 20 za yule. Pili, kinachokichosha kichwa ni uzito mara umbali kutoka katikati. Kilo 2 zilizo sentimita 20 mbele ya gololi huivuta mara nne ya kilo hizohizo zikiwa sentimita 5. Lenzi ndefu iliyofungwa kupitia kamera ndiyo hufanya hivyo. Telezesha pleti nyuma mpaka uzito ukae juu ya gololi, na tatizo mara nyingi huisha bila kununua chochote.

Kuna kushuka kwa aina nyingine: unapanga picha, unakaza, unaachia mkono, na picha imeshuka kidogo. Kila kichwa cha gololi hufanya hivyo kwa kiasi fulani kwa sababu chuma na mpira hupinda. Pima hivi: weka lenzi ndefu uliyo nayo, kuza picha kwenye skrini hadi mara 10, lenga nukta moja ya ukutani, kaza, achia. Ikisogea kidogo ni kawaida. Ikitoka kabisa kwenye skrini, angalia mpira wa juu ya pleti kama ni laini mno, angalia kama skrubu ya pleti imekaza, na mwisho kabisa ndipo ulaumu kichwa.

Gololi yenyewe ikiteleza hata baada ya kukaza, ipanguse kwa kitambaa kikavu na safi. Usiitie mafuta. Gololi nyingi hushika kwa msuguano, na tone la mafuta ya kupulizia huondoa kile kile unachokihitaji.

Kamera inazunguka juu ya pleti nikiisimamisha wima. Nikaze zaidi?

Kaza kiasi, lakini nguvu si dawa. Skrubu moja ya katikati haiwezi kuzuia mzunguko milele, hasa mpira wa pleti ukishalainishwa na jasho na joto. Pleti iliyotengenezwa kwa kamera yako mahususi ina ukingo mdogo unaokumbatia mwili wa kamera, na huo ndio unaozuia. Kwa kamera za video, tafuta pleti yenye pini ndogo ya springi mbele ya skrubu. Kamera za aina hiyo huwa na tundu lake.

Kuna suluhisho bora zaidi kwa wanaopiga wima mara kwa mara: pleti ya L. Inapita chini ya kamera na kupanda ubavuni, na pande zote mbili zina kingo za Arca. Kusimamisha kamera wima unaitoa kwenye klampu na kuirudisha kwa ubavu. Uzito unabaki juu ya tripodi badala ya kuning'inia pembeni. Nunua iliyochongwa kwa modeli yako halisi, vinginevyo itaziba mlango wa betri au matundu ya waya. Ubavu wenye mwanya wa kupitisha waya wa maikrofoni hausemwi sana madukani, ila ukiukosa utaujutia siku ya kwanza.

Skrubu ya pleti imepotea. Naweza kununua boliti kwenye duka la vifaa vya ujenzi?

Hapa kamera nyingi huharibiwa. Tundu la kamera ni la robo inchi lenye meno 20 kwa inchi. Boliti utakayopewa dukani huenda ikawa M6, kwa kuwa kwa macho zinafanana. M6 ina unene wa milimita 6, robo inchi ni 6.35, na nafasi kati ya meno nayo ni tofauti. M6 itaingia ikiwa imelegea, itashika kidogo, na ukiikaza itakula meno ya kamera. Tundu la kamera likishaharibika, kulitengeneza ni kazi ndefu na ya gharama.

Angalia pia urefu. Skrubu inayochomoza zaidi ya milimita 5 au 6 juu ya pleti inaweza kugonga mwisho wa tundu kabla ya pleti kukaza. Utahisi imekaza, kumbe kamera bado inacheza, na ukiendelea utasukuma sakafu ya tundu. Nunua skrubu za kamera tatu au nne na uziweke kwenye mfuko. Ni vitu vidogo mno kukwamisha kazi ya siku nzima.

Kati ya miguu na kichwa skrubu ni ya inchi 3/8 yenye meno 16 kwa inchi. Miguu midogo ina skrubu ya robo inchi, na kuna kipete cha kupunguza kinachoingia ndani ya tundu la 3/8 la kichwa. Kikaze hadi mwisho kwa bisibisi bapa, kisilegee siku unapofungua kichwa.

Nikaze kichwa kwenye miguu vipi kisifunguke?

Geuza tripodi na utazame chini ya sahani inayobeba kichwa. Miguu mizuri ina skrubu ndogo tatu zinazosukuma kichwa kutoka chini. Zungusha kichwa kwa mkono mpaka kikaze, kisha kaza hizo tatu kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) kidogo kidogo kwa zamu. Ukitaka kukitoa, zilegeze kwanza, la sivyo utakikwaruza kitako chake.

Napiga harusi: picha na video kwa mtu mmoja. Nipange vipi?

Weka pleti ya Arca kwenye kila kamera na usiitoe wakati wa shughuli. Kwenye kichwa cha mafuta, funga klampu ya Arca juu ya pleti yake ya 501. Tumia skrubu mbili, si moja. Kwa skrubu moja klampu itazunguka kila unapovuta mkono. Kila kiungo unachoongeza huongeza mchezo, kwa hiyo usipange zaidi ya hapo.

Kusawazisha kichwa cha mafuta kuna mpangilio wake, na wengi huanza kwa mwisho. Weka lenzi, maikrofoni na betri utakazotumia. Punguza ukinzani wa kuinama hadi sifuri. Telezesha pleti mbele au nyuma mpaka kamera ikae sawa bila kushikwa. Kisha iinamishe kama nyuzi 30 na uachie: ikirudi juu yenyewe, springi ya kusawazisha ina nguvu mno, ikiendelea kushuka, ni dhaifu. Ikitulia pale ulipoiacha, sasa ongeza ukinzani kadiri ya mkono wako. Usitumie kifundo cha kufungia kama ukinzani kwa kukikaza nusu. Hicho ni cha kusimamisha tu, na kikitumiwa hivyo huisha haraka.

Kama unahama kutoka msikitini hadi ukumbini hadi nyumbani, nunua miguu yenye bakuli la milimita 75. Unalegeza mpini wa chini, unatazama pimamaji, unakaza. Miguu isiyo na bakuli hukulazimisha kurefusha na kufupisha mguu mmoja mmoja kila kituo.

Sakafu ya jukwaa la mbao hutikisika wakati wa kucheza na hakuna kichwa kitakachoizuia. Shuka chini, simama kwenye zege.

Na lenzi ndefu za ndege na wanyama?

Lenzi ya 150-600 ina uzito wa karibu kilo 2. Ifunge kwa mguu wake wenyewe, kamwe si kwa kamera, na pleti ya mguu iwe ndefu ili uweze kuiteleza. Kwenye kichwa cha gimbali legeza vifundo vyote viwili. Telezesha lenzi mbele na nyuma mpaka ikae mlalo bila kushikwa. Kisha ielekeze juu, halafu chini. Kama haitulii, rekebisha kimo cha mkono unaoibeba mpaka katikati ya lenzi iwe sawa na mhimili. Ukimaliza, utaisogeza kwa kidole kimoja.

Kwa safari ya Tsavo ndani ya gari, acha tripodi nyumbani. Mfuko wa kitambaa uliojazwa mchele au maharagwe, ukilazwa ukingoni mwa dirisha, ni thabiti zaidi. Mwombe dereva azime injini.

Nikizungusha kamera kupiga picha pana ya bahari, upeo wa macho unapanda upande mmoja. Kosa liko wapi?

Kizungushio cha kichwa cha gololi kiko chini ya gololi. Miguu isipokuwa sawa, mhimili wa kuzunguka umeinama hata kama kamera inaonekana sawa. Ama sawazisha miguu kwanza kwa pimamaji ya miguuni, ama nunua klampu yenye kizungushio juu ya gololi: sawazisha gololi, kisha zungusha klampu peke yake.

Ufuoni nifanye nini ili vifaa vidumu?

Miguu ioshe kwa maji baridi ya bomba siku hiyohiyo. Irefushe kwanza ili maji yafike kwenye viungo, iache ikauke ikiwa wazi, kisha ifunge. Kichwa usikitie chini ya bomba. Kipanguse kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi, kisha kwa kikavu. Kichwa cha mafuta usikifungue hata kidogo.

Mchangani, sukuma kila mguu mpaka usishuke tena, na usisimame pale mawimbi yanapofika, maana kila wimbi huchota mchanga chini ya nyayo za tripodi. Wakati wa kusi, usiinue mlingoti wa katikati, na ukining'iniza mfuko uache uguse mchanga. Mfuko unaopeperuka huitikisa tripodi badala ya kuituliza.

Kuna haja ya kutoa pleti kwenye kamera kama siibadilishi?

Ipo. Skrubu ya chuma ndani ya aluminiamu ikipata unyevu wa chumvi huanza kuoana nayo, kwa sababu metali mbili tofauti zikikutana kwenye maji ya chumvi, moja hulika. Mara moja kwa mwezi ifungue, pangusa meno ya skrubu na uso wa pleti, funga tena. Kwenye skrubu ya miguu na kichwa, paka grisi nyembamba mno. Kwenye skrubu ya kamera usipake kitu.

Imeshakwama. Nifanyeje?

Toa betri na lenzi. Tafuta bisibisi bapa inayojaza mfereji wote wa skrubu, au alenki ya kipimo kamili kama skrubu ina tundu la pembe sita. Iliyo ndogo itaikwangua na hutapata nafasi ya pili. Lainisha kwa kukaza kidogo sana kwanza, kisha fungua. Ikikataa, usimwagie mafuta ya kupenyeza, yataingia ndani ya kamera. Mpelekee fundi wa kamera ikiwa na pleti yake vilevile, umweleze ilikaa muda gani na kama iliwahi kulowa maji ya bahari.